Mama Fundi, Huku Wanasali Wapi Vizuri? Maswali Ninayoulizwa Kwenye Cherehani, Mtwara

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini. Nashona majoho ya kwaya, vitenge vya WAWATA (akina mama Wakatoliki), sare za akina mama wa Anglikana, magauni ya WWK (akina mama wa kanisa la Kipentekoste la TAG), na suruali za wapiga tarumbeta wa Kilutheri. Ndiyo maana mgeni akihamia huku, awe mwalimu aliyepangiwa kituo, mwanafunzi wa STEMMUCO, chuo kikuu chetu hapa, au dereva wa malori ya saruji, akija kupunguza nguo, kabla sijamaliza kumpima kiuno ameshaniuliza makanisa. Nimejibu mpaka koo limekauka, kwa hiyo naandika. Mimi si padri wala mchungaji. Ya mafundisho nimeyasikia nikiwa benchi. Ya nguo nayajua kwa vidole.

Je, ni vibaya kuchagua kanisa kwa sababu kwaya yake inaimba vizuri?

Si vibaya, na acha kuona haya. Sijawahi kukutana na mtu aliyevutwa kanisani na katiba ya dayosisi. Watu huvutwa na sauti waliyoisikia wakipita na bajaji Jumapili asubuhi, wakamwambia dereva apunguze mwendo.

Ila jiulize kama unataka kuimba au kusikiliza, maana hayo ni mahitaji mawili. Kuna kwaya hapa mjini nzuri mno, ina mwalimu mkali, kinanda safi, sare nne (tatu nimeshona mimi), na waumini wake wamegeuka watazamaji. Wimbo ukianza wanatoa simu kurekodi. Na kuna kigango ukielekea Mikindani hakina hata spika, mzee mmoja anaanzisha kwa sauti ya kukwaruza, lakini ubeti wa pili ukifika hakuna mdomo uliofungwa. Kama wewe ni mtu wa kuimba, kwenye kwaya kali utakaa na njaa yako mbele ya sahani ya mwenzio.

Mimi ni Mwanglikana kutoka Dodoma. Nimeingia kanisa la Anglikana huku nikakuta ubani, kengele, na ibada wanaiita Misa. Nimekosea mlango?

Hujakosea. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na wengine huniuliza wakiwa wamefadhaika kweli, kama mtu aliyerudi kwao akakuta mama amebadilisha jina.

Anglikana ililetwa nchini na mashirika mawili ambayo kwenye ibada hayakufanana hata kidogo. Upande wa Mpwapwa na Dodoma walikuja CMS, wamisionari wa Kiingereza, watu wa Biblia na mimbari, ibada yao nyeupe kama shuka. Zanzibar na huku Kusini walikuja UMCA, yaani misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, shirika lililozaliwa baada ya David Livingstone kuhutubia chuoni Cambridge mwaka 1857. Hao walipenda mavazi ya rangi, mishumaa, kengele, maungamo kwa padri, na neno lenyewe Misa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar, akashukia Lindi, akapanda bara na watu waliokuwa wamekombolewa utumwani. Nia ilikuwa kusogea mpaka nchi ya Wayao, kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wengi wao wakaona hapa panatosha, wakajenga. Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara wakakivamia kijiji, wengine wakahamia upande wa Newala, kazi ikaendelea huku na huku. Padri Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika shirika hilo, mwaka 1890, alifanya kazi yake Chitangali, hukohuko Newala. Dayosisi ya Masasi ilipoanzishwa mwaka 1926, askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas, alikuwa ameshajulikana kwa jambo jingine: badala ya kupiga marufuku jando, alilitafutia nafasi ndani ya kanisa, likawa jando la Kikristo.

Sasa wewe wa Dodoma na mimi wa Masasi, tangu mwaka 1970 tuko katika jimbo moja, Kanisa Anglikana Tanzania. Kanisa moja, pua mbili. Bibi yangu hakuwahi kuujadili ubani. Kwake Jumapili isiyo na ubani ilikuwa Jumamosi iliyochelewa. Bibi yako naye angeingia mle angekohoa, akatoka kutafuta hewa.

Ushauri wangu: nenda Jumapili tatu kabla hujaamua. Ya kwanza utaona moshi tu. Ya pili utaanza kusikia sala, na utagundua nyingi unazijua. Ya tatu ikiwa bado unakohoa, basi kaa nyuma karibu na dirisha, au tafuta kwingine, hakuna atakayekukamata.

Kumbe basi dini yangu yote ni ladha tu, na bahati ya nani alifika kwetu kwanza?

Sijasema yote. Lakini sehemu kubwa kuliko tunavyopenda kukiri, ndiyo.

Mume wangu ni Mmwera, kwao ni Nyangao. Wabenediktini wa Ujerumani walifungua misheni Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896. Vita vya Majimaji mwaka 1905 vikaziteketeza zote mbili, na mwaka 1906 wakaanza Ndanda. Kwa hiyo babu yake akawa Mkatoliki, na babu yangu, kipande cha barabara tu kutoka hapo, akawa Mwanglikana. Hakuna kati yao aliyekaa chini akapima hoja za kitabu. Mmoja alipelekwa shule na huyu, mwingine akatibiwa kidonda na yule. Halafu sisi wajukuu tunabishana mezani kama vile tulikuwepo.

Mimi hutenga mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale ambayo kanisa lenyewe likiulizwa litasema, “Hili hatuachi.” Mtoto mchanga abatizwe au asubiri akue, siku ya ibada iwe Jumapili au Jumamosi kama Wasabato, nani anaweza kuongoza Ekaristi, mwanamke awe mchungaji au asiwe. Hayo ni mafundisho, na ukiyapuuza wakati wa kuchagua yatakudai baadaye, hasa siku ya kubatiza mtoto. Fungu la pili ni ngoma, kinanda, kanzu, urefu wa mahubiri, kupiga makofi, rangi ya pazia. Hayo ni ladha, hata kama mzee wa kanisa atakuapia kwamba yametoka mbinguni. Ngoma kwenye Misa ya Kikatoliki, ambayo vijana wanaiita “kanisa la asili,” ilipata njia baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima, 1962 hadi 1965. Kabla ya hapo ibada ilikuwa Kilatini, na ngoma ilibaki nje pamoja na viatu vya udongo.

Mahubiri marefu au mafupi?

Inategemea kama una mtoto mgongoni.

Mimi ni Mkatoliki, parokia ninayoishi padri wake hanibariki moyo. Naweza kusali parokia nyingine?

Kuhudhuria Misa, ruksa popote. Lakini kwa taratibu zenu parokia huhesabiwa kwa eneo: unakolala ndiko ulikoandikwa. Hapo ndipo ladha inapogongana na jumuiya. Huku kwetu ukitaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa au kuzikwa kwa heshima, swali la kwanza ofisini ni “jumuiya yako ipi?”, yaani ile jumuiya ndogo ndogo ya mtaani kwako, mnayosali nyumba kwa nyumba. Unaweza kwenda kusikia mahubiri Shangani kila Jumapili huku unaishi Chikongola, lakini kama jumuiya yako ya Chikongola hawajawahi kukuona hata kwenye rozari, siku hiyo barua yako itasuasua.

Nimewaona wengi wanaopatanisha: Misa huko wanakopenda, jumuiya hapa wanakoishi. Ni kazi mara mbili, ila inafanyika.

Kanisa litanigharimu kiasi gani?

Hakuna anayeuliza hili kwa sauti. Wananiuliza mimi kwa sababu naonekana najua bei.

Kuna zaka, ambayo Wasabato na wengi wa Pentekoste wanaihesabu kwa ukali, fungu moja katika kumi. Kuna sadaka ya kila ibada, bahasha ya ujenzi, harambee, mchango wa jumuiya, mchango wa mgonjwa, mchango wa msiba. Kuna sadaka ya mavuno, na hapa mgeni aelewe jambo la Kusini: fedha yetu inakuja na korosho. Minada ikianza Oktoba na watu wakilipwa kupitia vyama vyao vya ushirika, makanisa yanachangamka, mabati yanapanda, kwaya zinaagiza sare. Mwezi wa Machi ukitangaza harambee huku utasikia sauti ya feni tu. Mtu kutoka mkoa wa mishahara huona waumini wa hapa wazito wa kutoa. Si wazito, wana majira.

Halafu kuna gharama isiyotangazwa, nayo ni sare. Hii naijua kuliko mwekahazina. Ukijiunga na kwaya, au umoja wa wanawake, hesabu sare ya kawaida, sare ya Pasaka, kitenge cha jubilei, na kitenge cha mgeni rasmi ambacho utakivaa siku moja. Nimewahi kumpima mama mmoja kwa ajili ya kitenge cha sikukuu, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema nimwandike kwenye daftari, atalipa baada ya mnada. Hakuja tena. Baadaye nikasikia ameacha kwenda kanisani kwa sababu kikundi chake chote kimevaa yeye hajavaa. Kitambaa chake ninacho mpaka leo kwenye kabati. Kwa hiyo, mgeni, kabla ya kusema “hawa ndio watu wangu,” waulize taratibu: asiyekuwa na sare anaketi wapi?

Mimi ninakula kwa sare, lakini hilo nalisema.

Kuna huduma mpya imefungua kwenye turubai karibu na kwangu. Nitajuaje kama ni ya kweli?

Sina mita ya kupima roho. Karatasi ndizo ninazoweza kukuelekeza. Kanisa au huduma inatakiwa iwe imesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Anayefungisha ndoa anatakiwa awe na leseni ya kufungisha ndoa. Hilo uliulize mapema, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka pia taarifa ya siku 21 kabla, na kuna bibi harusi waliokuja kwangu na gauni limeisha, ukumbi umelipwa, ndipo wakagundua mchungaji hana leseni.

Baada ya karatasi, angalia fedha. Nani anahesabu sadaka, na wangapi? Wakihesabu mbele ya watu na kusomwa Jumapili inayofuata, hata kama ni turubai, mimi sina neno. Akihesabu mtu mmoja na mkewe chumbani, hata kama ni jengo la vioo, mimi nashika mkoba wangu.

Na kelele?

Kanuni za kelele zipo tangu 2015, NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndio wenye kuzisimamia, na serikali ya mtaa ndiyo mahali pa kuanzia. Lakini kabla ya barua, nenda ukaongee. Nusu ya kelele za usiku Mtwara ni kwa sababu fundi wa spika alizielekeza mtaani badala ya ndani, na hakuna aliyemwambia.

Nikihama dhehebu nabatizwa upya?

Mlutheri au Mwanglikana akihamia Ukatoliki habatizwi tena, ubatizo wake wa maji kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu unatambuliwa. Atapitia mafundisho na kupokelewa. Wapentekoste na Wasabato kwa kawaida watakutaka uzame maji mengi ukiwa mtu mzima, hata kama una cheti cha utotoni. Beba cheti chako cha ubatizo na barua ya utambulisho kutoka ulikotoka. Barua hiyo watu huiona ya kizee, lakini ndiyo inayokufanya uwe mgeni mwenye jina.

Kwa upande wa serikali, hakuna wa kumwomba ruhusa. Ibara ya 19 ya Katiba inakupa uhuru wa kuchagua dini na hata kuibadilisha. Mwenye kukuhoji ni shangazi.

Mume anapenda kule, mimi napenda huku. Tufanyeje?

Sisi nyumbani tuko hivyo kwa miaka yote ya ndoa. Tulifunga kwa ruhusa ya askofu wake, kwa kuwa ndoa ya Mkatoliki na Mwanglikana inahitaji ruhusa hiyo, na mume wangu akaahidi kufanya awezavyo watoto walelewe Kikatoliki. Nilikubali, na nililia kidogo, sitasema uongo. Jumapili yeye anatangulia Misa ya asubuhi, mimi nafuata baadaye na yangu, na mwanzoni kazi kubwa ilikuwa nani anaweka maharage jikoni. Mafundisho hatukuwahi kugombania. Tuligombania maharage.

Kitu kimoja kilisaidia: Krismasi mimi naenda kwake, Pasaka yeye anakuja kwangu. Analalamika ubani wetu ni mwingi kuliko wao. Ni kweli.

Nimesikia Marekani watu wanazunguka makanisa kama wanunuzi sokoni. Ndiko tunakoelekea?

Pew Research Center, kituo cha utafiti cha huko, mwaka 2016 kilieleza kwamba karibu nusu ya watu wazima wa Marekani wamewahi kutafuta kanisa au nyumba nyingine ya ibada. Walioulizwa sababu za uamuzi wao, asilimia 83 walitaja ubora wa mahubiri, 79 kukaribishwa vizuri na viongozi, 74 mtindo wa ibada, na 70 mahali lilipo. Kilichowasukuma wengi kuanza kutafuta kilikuwa kuhama makazi.

Nilipoisoma hiyo nilicheka, kwa sababu ni wateja wangu hao, wamebadilika rangi tu. Mgeni wa Mtwara naye amehama makazi. Tofauti ninayoiona ni kwamba huku hutafuti peke yako. Ukiingia kanisa fulani Jumapili, Jumatatu jirani wa upande wa pili, ambaye huenda ni Mwislamu, atakwambia, “Nilikuona kwa akina fulani. Mbona hukwenda kwa wenzako Wangoni?” Mtaa unapiga kura pamoja na wewe.

Nimeshahama mara mbili, na hili la tatu limeanza kunichosha. Nina tatizo?

Nikuonyeshe daftari langu la vipimo. Kila mteja naandika kifua, kiuno, urefu, na sare ni ya kanisa gani. Kuna dada yumo humo kurasa tatu, makanisa matatu. Kiuno kimeongezeka, kifua kimeongezeka, urefu uleule. Na kila mara nilipompima alikuwa na lalamiko moja: mwalimu wa kwaya hampi nafasi ya kuimba peke yake. Makanisa matatu, walimu watatu, lalamiko moja. Sikumwambia kitu, nikaongeza upana wa mikono.

Lakini daftari hilohilo lina kaka mmoja, naye kurasa tatu. La kwanza aliondoka kwa sababu kiongozi alikula fedha za ujenzi, na walioripoti ndio walioonekana wabaya. La pili alihamishwa kikazi Nachingwea. La tatu yupo mpaka leo. Kwa kurasa tu, hawa wawili wanafanana kabisa. Kwa hiyo siwezi kukujibu kwa kuhesabu. Andika mwenyewe kwenye karatasi sababu ya kila uhamaji, mstari mmoja mmoja, kisha mpe mtu asiyekupenda sana azisome.

Na kama uliumizwa mahali, ukapigwa, ukatishwa, ukashikwashikwa, hiyo si ladha, usiiweke kwenye swali hili. Ondoka, na upeleke polisi kwenye dawati la jinsia.

Wewe mwenyewe, mama fundi, ukiambiwa uchague upya leo?

Nikiwa mkweli, kwa masikio ningekwenda kwa Walutheri, kwa ajili ya tarumbeta. Kwa mahubiri kuna mchungaji wa Pentekoste hapa mjini, nikipeleka sare huwa nasimama mlangoni dakika kumi zaidi ya ninazohitaji. Kwa ukimya ningekwenda Ndanda abasia, nikae nyuma wakati wamonaki wanaimba zaburi.

Ninakosali, kwaya yetu inashuka sauti kila wimbo, tunaanza juu tunaishia kwenye kisima. Mimi ni mmoja wa wanaoshusha. Mwaka juzi nilijaribu kukaa nyumbani wiki mbili kwa hasira ya jambo la kamati ambalo halina maana tena. Jumapili ya pili mzee wa kengele akaja mpaka dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akatoa kanzu yake akasema kifungo kimelegea. Kifungo hakikuwa kimelegea. Nikakikata, nikakishona tena.

Sare ya Pasaka ilete lini?

Kabla ya Jumapili ya Matawi, kikundi kizima kwa pamoja, na kitambaa kikiwa kimeshalowekwa. Ukiniletea Ijumaa Kuu sishoni, hata ukiwa askofu.